Mwalimu wa Makohozi

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nina cheti cha ufundi wa maabara na miaka minane ya kazi katika hospitali moja ya Morogoro, siku nilipofundishwa kukohoa. Aliyenifundisha alikuwa mwanamke mfupi wa Guangzhou, mwenye nywele za kijivu zilizokatwa usawa wa masikio, na alinifundisha mbele ya wagonjwa kumi na wawili waliosimama uani mwa hospitali yake, huko China nilikopelekwa kusoma, wakiwa na vikopo mikononi.

"Simama wima," aliniambia kwa Kiswahili. "Vuta pumzi mpaka mabega yapande. Shikilia. Sasa kohoa kutoka huku chini, kwenye mkanda wa suruali, siyo kooni."

Nilikohoa. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya kubisha hodi, Ndugu. Mimi nataka ya kufukuza mwizi."

Wagonjwa hawakuelewa neno hata moja, lakini walimwona mtu mweusi mrefu akitoa macho kwa kukohoa, nao wakacheka. Walipocheka vifua vikalegea, na asubuhi ile makohozi yalipatikana mazuri kuliko ya wiki nzima. Baadaye nilitambua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kunisimamisha pale.

Nilimwita Mwalimu. Wachina nao walimwita hivyo hivyo kwa lugha yao, maana karibu kila aliyeshika hadubini katika hospitali ile alikuwa amepita mikononi mwake. Mwanzoni jina hilo lilimtia haya, kwa kuwa alikwisha kukaa Tanzania na alijua kwamba kwetu lina mwenyewe. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui. Tuliketi miaka miwili na kitu tukitazama kwenye hadubini moja yenye vichwa viwili, magoti yetu yakigongana chini ya meza, na sikuwahi kumuuliza.

Kazi yetu ilikuwa hii. Mtu aliyewahi kuugua kansa mahali fulani mwilini, tuseme utumbo, figo au titi, akianza kikohozi kisichoisha, daktari huogopa kwamba ugonjwa umehamia mapafuni. Njia mojawapo ya kujua, isiyo na kisu wala sindano, ni kuchukua makohozi yake ya alfajiri kwa siku tatu mfululizo, kuyapaka juu ya kioo chembamba, kuyatia rangi, kisha kuyapekua chini ya hadubini kipande kwa kipande, ukitafuta seli ambazo hazikupaswa kuwa pale. Wakati mwingine unaziona. Mara nyingi huzioni, kwa sababu uvimbe uliohamia kutoka mbali hupenda kukaa pembezoni mwa pafu, mbali na njia za hewa, na hautoi chochote kinachoweza kukoholewa.

Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa mkali. Alikuwa na msemo wake: kutoona si kutokuwepo. Ole wake mwanafunzi aliyeandika kwenye jibu kwamba mgonjwa hana kansa.

"Wewe umeingia ndani ya kifua chake?" alimuuliza kijana mmoja. "Basi andika kwamba hukuiona. Hayo mengine huyajui."

Kiswahili chake alikipata Tabora miaka ya sabini, alipokuja na timu ya madaktari wa kwao kwa miaka miwili. Alifundishwa na manesi na mpishi wa nyumba waliyokaa, na kikaganda pale pale alipokiacha. Kila mtu kwake alikuwa Ndugu. Mimi nilitoka katika nchi ambayo kila mwenye shati lililopigwa pasi alikuwa amekwisha kugeuka Bosi au Mheshimiwa, na kumbe udugu wetu ulikuwa umehifadhiwa huku, kwenye chumba chenye harufu ya spiriti. Asubuhi nikichelewa kumwamkia alisubiri. Alishika kalamu hewani mpaka niseme shikamoo, ndipo alipoitikia marahaba, akiivuta kama mtu anayeonja chai, na kazi ikaanza.

Kwa neno "bado" aliendesha maisha yake yote. Jibu la mgonjwa liko tayari? Bado. Umekula? Bado. Umechoka? Bado. Aliniambia Kichina hakina neno tamu kama hilo, kwa sababu linakataa bila kufunga mlango.

Kwenye maabara alikuwa msafi kupita kiasi. Alipangusa meza yake mwenyewe mara nne kwa siku na hakumruhusu mtu mwingine aiguse. Lakini saa sita ilipofika alivaa malapa, akatoka nje ya geti, akachuchumaa kando ya mtaro kwa mama mmoja muuza uji wa mchele, akala kwa bakuli lililosuuzwa kwenye ndoo ambayo maji yake sikuthubutu kuyatazama. Nilipomuuliza alinijibu kwamba uji unachemka, na kinachochemka hakina dhambi.

Dirisha letu lilitazama msufi wa aina ya huko. Mwezi wa tatu ulitoa maua mekundu makubwa kabla ya majani, na yalipoanguka Mwalimu alitoka na beseni, akayaokota, akayaanika juu ya kabati la vioo kwa ajili ya kutengenezea chai. Mwezi huo huo kuta za Guangzhou hutoa jasho. Unyevu huingia mpaka ndani ya viatu, na ukungu huota juu ya vioo vya miaka mingi. Alipigana nao kwa kuwasha balbu ndani ya makabati mchana kutwa. Mhasibu wa hospitali aliyekuja kulalamikia umeme alipewa kikombe cha chai ya maua na kuketishwa mbele ya hadubini, akaonyeshwa seli za mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, zingali na rangi zake. Hakurudi tena kulalamika.

Madaktari vijana walimwogopa. Mmoja wao, mwenye haraka, aliwahi kutuma kikopo chenye mate matupu. Mate na makohozi ni vitu viwili. Mate ni ya mdomo na hayana habari zozote za mapafu. Mwalimu alikitazama kikopo kwenye mwanga, akakifunika, akapanda nacho ngazi za ghorofa nne, mimi nyuma yake, mpaka kwenye meza ya daktari huyo aliyekuwa katikati ya mkutano.

"Nimekurudishia," alimwambia kwa upole. "Ni mate. Nilidhani huenda unayahitaji."

Siku ya pili yule daktari alionekana uani na mgonjwa wake, wote wawili wakivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

Mtu angeweza kudhani alikuwa na majivuno, na alikuwa nayo, lakini alikuwa na dawa yake. Kwenye droo alifungia kioo kimoja. Kila mwaka, siku ya kwanza ya wanafunzi wapya, alikitoa akawaacha walitafute kosa wenyewe. Wengi walishindwa. Kisha yeye alisogeza kidole hadi kwenye seli sita ndogo, zimejibana pamoja kwenye kona, nusu zimefunikwa na usaha. "Mtu huyu alikuwa na kansa ya utumbo," aliwaambia. "Nilipekua kioo hiki nikiwa na njaa, nikaandika sikuona. Daktari akampeleka nyumbani. Miezi minne baadaye alirudi, na hakukuwa na la kufanya. Aliyeandika ni mimi, sahihi hii ni yangu." Wanafunzi walitazama chini. Yeye hakutazama chini. Alifunga droo, akatangaza kwamba katika maabara yake hakuna atakayepekua kioo kabla ya kifungua kinywa, na kwamba baada ya kila vioo vitano mtu ainuke aende dirishani atazame mti.

Alichukia sigara kuliko kitu chochote. Mlinzi wa geti alizima yake alipoiona baiskeli ya Mwalimu ikikata kona. Lakini mumewe, mpishi mstaafu wa melini, mzee mcheshi mwenye vidole vya njano, alivuta pakiti nzima kwa siku, na alikuwa amemshinda. Alichoweza kumfanyia ni kitu kimoja. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa mzee alimletea kikopo kilichofungwa utepe mwekundu. Mzee alijaza kwa siku tatu, kama anayelipa kodi, na Mwalimu alivipekua vioo mwenyewe, mlango umefungwa. Mwaka nilioshuhudia, alitoka baada ya saa mbili akaniambia, "Sikuona." Halafu akaenda kumnunulia bata wa kuoka. Jioni nikaalikwa kula, na yule mzee akanionyesha picha yake akiwa kijana bandarini Mombasa, amevaa suruali pana kama magunia.

Mama mmoja, mnunuzi wa jinzi, alikuja mwaka tisini na saba, maua ya msufi yakiwa bado yanaanguka.

Alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mwenye duka Kariakoo, na ile ilikuwa safari yake ya tatu. Wakati huo watu wetu hawakuwa wengi mjini. Walifikia katika hoteli za bei rahisi za mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, na walijuana wote. Alifuatana na mdogo wake, mwanamke mpole aliyebeba mkoba wa pasi za kusafiria kifuani kama mtoto mchanga. Walikuwa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi nje kidogo ya Guangzhou, wakichagua suruali kwenye karakana, ndipo mama alipokohoa ndani ya kitambaa chake na kuona uzi wa damu. Tajiri wa karakana ile, mwanamke pia, aliacha mashine zake, akawapakia kwenye gari la mizigo, akawaleta mwenyewe mpaka hospitalini kwetu. Mapokezi walijua kuna Mtanzania ghorofa ya chini. Nikaitwa.

Mama alikuwa mnene wa wastani, mtandio wake wa kijani umefungwa vizuri, na alinitazama kwa macho ya mtu anayepima kitambaa.

"Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Morogoro, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Waambie hawa nina kontena linafungwa baada ya wiki mbili. Wanitibu upesi."

Daktari aliuliza, mimi nikatafsiri, na habari ikatoka kidogo kidogo. Miaka miwili kabla alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya kansa. Alipona, akarudi dukani. Kikohozi kilianza miezi mitatu iliyopita. Huko nyumbani alitibiwa kifua kikuu kwa kubahatisha, maana vipimo havikuonyesha wadudu wake, na dawa hazikusaidia. Picha ya eksirei ilitoka na mabaka kadhaa, ya duara, pande zote mbili. Daktari alitaka kuingiza sindano ndefu kifuani achukue kipande.

"Hapana," alisema mama. "Nimekatwa mara moja, inatosha. Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo. Nikampelekea kikopo.

Asubuhi ya kwanza alikirudisha kikiwa na mate kidogo yenye harufu ya dawa ya meno. Mwalimu alikitazama, akavua koti la maabara, akaniambia nimfuate wodini. Alipofika kitandani alimsalimu kwa Kiswahili, na mama, ambaye kwa siku mbili alikuwa amezungukwa na sauti asizozielewa, akaketi ghafla.

"Huyu naye katoka wapi?"

"Tabora," alisema Mwalimu. "Ndugu, hiki ulichonipa si chako. Ni cha mswaki. Kwa nini hukukohoa?"

Mama alinitupia jicho. "Mtu mzima nitatemaje mbele ya kijana huyu? Na wodi nzima inatazama."

Mwalimu aliniambia nitoke. Siku iliyofuata, kabla jua halijapanda, aliwachukua mama na mdogo wake mpaka nyuma ya jengo la kufulia, akanizuia kwenye kona nikiwa nimewapa mgongo. Nikasikia maelekezo yale yale, mabega, kushikilia, mkanda. Nikasikia kikohozi cha kubisha hodi. Kisha kicheko cha wanawake watatu, kisha kikohozi kilichowarusha njiwa kutoka paani.

Kioo cha siku ile hakikuonyesha kitu. Cha siku ya tatu kilionyesha.

Mimi ndiye niliyeziona kwanza, na sitajisifu, kwa sababu zilikuwa wazi. Vishada vidogo vya seli zilizobanana, viini vyake vikubwa na vyeusi, kingo zake laini kama zimeviringishwa mkononi. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa hadubini. Alisogeza kioo mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena kama vile hajaona kitu.

"Ni kansa," nilisema.

"Ni kansa," alikubali. "Ya wapi?"

"Ya titi, imehamia."

"Hilo umeliona, au umelisikia kwa daktari?"

Alinieleza kwamba ikiwa kansa imezaliwa mapafuni, ni ugonjwa mwingine na dawa nyingine. Ikiwa ni ile ya titi, kuna vidonge vya kuzuia homoni vinavyoweza kuituliza. Hakukubali kutia sahihi mpaka aone kioo cha uvimbe wa kwanza, ule uliokatwa Dar es Salaam.

Jioni ile nilikwenda kwenye duka la simu Xiaobei nikampigia kaka yao. Kaka akaenda hospitali walikomkata dada yake, akakaa kwenye benchi la maabara siku mbili mpaka wakachoka kumwona, wakamtafutia kioo chenye namba yake. Kilisafiri na mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa anakuja kununua redio, ndani ya kasha la miwani, limezungushiwa soksi. Jumla siku tisa. Kontena la jinzi lilifungwa mama akiwa kitandani. Tajiri wa karakana alikuja mwenyewe kumwonyesha hati na picha za mzigo, akaleta na machungwa.

Mwalimu aliviweka vioo viwili, kimoja kwenye hadubini yetu, kingine kwenye ile ya jirani, akaenda huku na huku kama mtu anayelinganisha sura za watoto. Kisha akaniita niangalie. Ukubwa ule ule, mpangilio ule ule, mpaka vitundu vidogo vyenye ute ndani ya seli. Alitoa kalamu.

"Sasa tumeona," alisema, akatia sahihi.

Huko kwao, na hasa siku zile, mgonjwa wa kansa hakuambiwa. Waliambiwa jamaa zake, nao wakachagua. Daktari alimwita mdogo wa mama pembeni, mimi nikatafsiri, na mdogo mtu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka yangu, usimwambie. Sema ni mapafu yana maji. Akijua atakufa kabla ya kufika nyumbani."

Nilikubali. Nakiri kwamba nilikubali upesi, kwa sababu nilifurahi kupata mtu wa kunipa ruhusa. Nilipoingia wodini mama aliniuliza, nikamwambia ni mapafu, yana maji. Alinitazama vile vile kama siku ya kwanza.

"Mwanangu, mimi nauza nguo miaka ishirini. Namjua mtu anayeuza mtumba kwa bei ya mpya. Niitie yule mama wa Tabora."

Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa malapa aende kula uji. Nilimweleza yote, na ombi la mdogo mtu. Aliketi tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya. Aliyazungusha maua makavu kwenye beseni kwa muda. Alimwita mdogo wa mama, wakaongea wenyewe kwa sauti ya chini ukumbini, na waliporudi yule mdogo alikuwa analia lakini amekubali. Tukaenda.

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Ndugu, unataka kujua?"

"Anayekohoa ni mimi. Nani mwingine ajue kabla yangu?"

"Ni kansa ile ile ya titi. Imehamia mapafuni. Nimeiona kwa macho yangu, nikailinganisha na ya Dar es Salaam. Ni moja."

Mama alishusha mtandio begani, akaupandisha tena.

"Inatoka?"

"Haitoki. Inaweza kulala. Kuna vidonge, utakunywa kila siku."

"Italala muda gani?"

"Sijui. Atakayekuambia anajua, huyo anataka kukuuzia kitu."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mdogo wake akamshika mgongo mpaka kikapita. Kisha akasema jambo ambalo katika kazi yangu yote sijapata kulisikia kwa mgonjwa mwingine.

"Nataka kuziona."

Tulimshusha kwa kiti cha magurudumu. Mwalimu alimrekebishia urefu wa hadubini, akamwonyesha namna ya kutazama bila kupepesa. Mama alitazama muda mrefu. Rangi tunazotumia ni za buluu, za waridi na za chungwa, na kwa asiyejua kinachotazamwa ni jambo la kupendeza.

"Zina rangi nzuri," alisema hatimaye, "kwa kitu kibaya hivi. Ningepata kitenge chenye hizi rangi kingeisha kwa siku moja."

Siku ile Mwalimu aliondoka mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Asubuhi nilimkuta dirishani, hajawasha hadubini.

"Miaka thelathini na minane naandika majibu," aliniambia. "Jana ndiyo mara ya kwanza namwona mtu akisoma."

Tangu hapo, kila Ijumaa, alianza kupanda wodini bila kuitwa. Alikuwa anawauliza wagonjwa kama wangependa kujua, kwanza mgonjwa, kisha jamaa. Madaktari walinung'unika. Wengine walipeleka malalamiko kwa mkuu. Alipoulizwa alisema bado anafanya utafiti, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni utafiti gani, waliacha.

Yule mama alirudi nyumbani na vidonge vya miezi sita. Kikohozi kilipungua mwezi wa pili. Alituma korosho kilo mbili kwa msafiri, na Mwalimu alizigawa kwa kuhesabu, punje saba kwa kila mtu, za mumewe akaongeza. Mama aliishi miaka sita mingine. Alimwozesha binti yake wa mwisho, na pilau ya harusi ile niliila mwenyewe, yeye akiwa ameketi jukwaani amevaa dhahabu, ananionyesha kwa wageni: huyu kijana alinidanganya China.

Niliondoka Guangzhou mwaka tisini na nane. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, hospitali yangu ilinituma huko tena kununua balbu na vioo, nikapata wiki moja. Nilibeba pia kikasha cha vioo kumi na viwili, vya wagonjwa wa Morogoro ambao majibu yao nilikuwa nimeyazuia. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nchini mwetu wakati ule wasomaji wa vioo hivyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na usiku nilikuwa silali vizuri.

Maabarani waliniambia amestaafu kabisa. Nyumbani mumewe, sigara mdomoni, alinielekeza kwa kidole: bwawa la kuogelea la wilaya, kila siku saa tatu.

Nilimkuta ndani ya maji, upande wa watoto, amevaa kofia ya mpira ya njano na nguo ya kuogelea nyeusi, ameshikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Mwalimu wake alikuwa binti wa miaka kama ishirini mwenye filimbi shingoni, anamkaripia kwa Kikantoni. Nilimsalimu. Aliitikia bila kuachia ukingo.

"Nina miaka sitini na saba," alisema, "na huyu mtoto ananiambia sijui kupumua. Anasema kweli. Ninavuta hewa wakati ambao natakiwa kuitoa."

Nilichuchumaa ukingoni. Nilimpa salamu za mama, akafurahi, akauliza juu ya vidonge. Kisha nikamwonyesha kikasha. Niliongea haraka, kama mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu. Nilimweleza kioo cha kwanza, mkulima aliyekatwa figo, kikohozi, nilichokiona.

"Umekipekua mara ngapi?"

"Mara tatu, siku tatu tofauti."

"Ulikuwa umekula?"

"Ndiyo."

"Na uliona nini?"

Nikamwambia. Aliuliza maswali mawili kuhusu viini, moja kuhusu rangi ya seli. Nikajibu. Tukaenda cha pili, cha tatu, mpaka vyote vikaisha, yeye ndani ya maji mpaka kifuani, mimi na suruali iliyolowa magotini, na yule binti wa filimbi akitazama saa yake. Mwalimu hakugusa kikasha. Katika vioo kumi na viwili, kumi nilikuwa na hakika. Viwili sikuwa na hakika, na nilijua la kuandika kwa vyote viwili.

"Sasa, Ndugu," aliniambia, "kwa nini vimepanda ndege?"

Nilikifunga kikasha.

"Wagonjwa wale wanasubiri Morogoro," alisema. "Mimi nina somo."

Binti alipuliza filimbi. Mwalimu aligeuka, akajisukuma, akaachia ukingo. Alizama mpaka kofia ikapotea, akaibuka, akapiga maji kwa mikono na miguu bila mpangilio wowote, mita moja, mbili, labda nne, mpaka akagonga kamba ya upande wa pili akaishika. Watoto waliokuwa wakisubiri zamu yao walimpigia makofi. Aliutoa uso kwenye maji akitema na kucheka, akamtazama yule binti kujua kama amepata.

Binti alionyesha kwa mkono arudi, kwa sababu bado hakuwa amepumua sawasawa. Mimi nilikitia kikasha mkobani, nikaenda kutafuta posta yenye simu ya nje, nipige Morogoro.